Utalii wa ndani upo hata kwenye kuchimba dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika hivi karibuni kwamba utalii wa ndani ni wa wenye Land Cruiser tu, sisi wengine tutaishia kumuona simba kwenye kalenda. Nusu ya maneno yake namuunga mkono. Kiingilio cha Mtanzania hifadhini siyo hela ya kutisha, kinachoua ni gari, ukishapiga hesabu ya gari la kukodi, mafuta, dereva, pa kulala na chakula unaona bora ukae zako Tabata uangalie mpira. Nusu iliyobaki nakataa, na nakataa kwa sababu kazi yangu ni kuzunguka mikoani nauza dawa za mifugo, napanda mabasi haya haya ya kawaida, begani nina kamera na kamera hiyo haijawahi kupiga simba hata mmoja. Inapiga ndege. Tena siyo tai wala korongo, ni wale wadogo wadogo ambao wengi wetu tukiwaona tunasema shomoro, tumemaliza.

Nchi hii ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Kuna watu wanapanda ndege kutoka Uingereza na Marekani, wanalipa mahela, wanakuja kusimama kando ya barabara ya vumbi asubuhi na mapema wanamtafuta kiumbe wa gramu kumi, na sisi barabara hiyo hiyo tunapita kila siku kwenye basi tumelala mdomo wazi. Ukimtoa shomoro, ndege mdogo pekee tunayemjua wote kwa jina ni kwelea kwelea, na huyo tunamjua kwa ubaya wake, anamaliza mtama na mpunga wa watu mpaka serikali inatuma ndege ya kunyunyizia sumu. Wengine hata hawaulizwi.

Sasa nianze na kuchimba dawa, yaani kule kujisaidia vichakani safarini, maana ndiyo utalii wangu ulipo. Basi likisimama porini konda anapiga kelele dakika tano jamani dakika tano, wanaume huku akina mama kule, kila mtu anakimbilia kichaka chake. Mimi nikishamaliza yangu nabakiwa na dakika mbili tatu na zinatosha sana, kwa sababu vichaka vya kando ya barabara ndiyo nyumbani kwa hawa wadogo, kuna nyasi zenye mbegu, kuna wadudu, kuna miba ya kujificha mwewe akipita, na juu kuna waya wa umeme wa kukaa na kutazama dunia. Yupo kerem mmoja mdogo, mgongo kijani, koo la njano na chini ya koo kamstari keusi, anapenda kukaa kwenye kijiti cha chini usawa wa kiuno cha mtu. Anaruka ghafla, anadaka nyuki hewani, ukiwa karibu unasikia kabisa mdomo umegonga tak, halafu anarudi pale pale, kijiti kile kile. Hamezi kwanza. Anamgongesha nyuki kwenye kijiti, anamsugua na kumsugua mpaka mwiba na sumu vitoke ndipo anamrusha kidogo anameza. Kwa mpiga picha huyo ni ndugu yako kabisa, akiruka usihangaike kumfukuzia na lenzi, acha fokasi kwenye kijiti kitupu, tulia, anarudi mwenyewe. Na mdiria yuko hivyo hivyo, na kipwe pia, yaani wale wote wenye tabia ya kuwinda kutoka kwenye kituo kimoja ndio wa kuanza nao, siyo unaanza na mbayuwayu halafu unalalamika kamera mbovu.

Konda mwanzoni alikuwa ananiita mzungu. Siku hizi akiona kitu juu ya mti ananiambia anko njoo huku.

Ukitoka kwenye kuchimba dawa kuna hoteli za njiani, zile za nusu saa mnashuka kula chipsi na kuku wa kukaukia. Watu wote wanakimbilia foleni ya chakula, wewe nenda nyuma ya hoteli kwenye bomba linalovuja. Hapo utakuta shore wanaoga, pugi wanatembea chini, na ndege wadogo wa bluu ya anga wanakunywa maji wawili wawili, na kama kuna mnazi au mti juu ya maji basi kuna minana. Minana wa njano wakiwa kwenye msimu wa kujenga ni sinema. Dume ndiye fundi, anachana majani mabichi ukanda mrefu mrefu, anarudi nao mdomoni anafunga, anapitisha, anavuta, akimaliza ananing'inia chini ya kiota anapiga mabawa na kupiga kelele ili jike aje kukagua. Jike anaingia, anavutavuta, akiona hakijakaza anaondoka zake wala haagi. Kiota kikikaa mpaka majani yakanyauka na kugeuka kahawia bila mke, dume anakibomoa mwenyewe anaanza upya. Kuna mama ntilie pale Chalinze nilimuonyesha hilo kwenye kioo cha kamera, akacheka akasema angalau huyu anajenga.

Halafu chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya asali ya maua. Hawa wako kila mahali penye maua, hata kwenye uzio wa hibiskasi wa choo cha stendi, na ndio wanaowakatisha tamaa watu wanaoanza kupiga picha, kwa sababu kwa macho unamuona anawaka kijani na zambarau, ukipiga anatoka mweusi tii. Kamera haijakosea. Ile rangi ya kung'aa haimo kwenye manyoya kama rangi ya kitambaa ilivyo kwenye kitambaa, inatokana na jinsi unyoya wenyewe ulivyojengwa kwa tabaka nyembamba sana zinazorudisha mwanga, kwa hiyo mwanga usipompiga kutoka upande wako hakuna kinachorudi. Dawa yake ni kuhakikisha jua liko mgongoni kwako, asubuhi au jioni, na kusubiri ageuze shingo. Akigeuza tu kifua kinawaka sekunde moja, hapo ndipo unabonyeza, tena bonyeza mfululizo. Na mtazame anavyokula, ua likiwa refu kuliko mdomo wake hahangaiki kuingia kwa mbele, anatoboa kwa nyuma kwenye kikonyo ananyonya asali anaondoka, chavua hajabeba hata kidogo. Mwizi kabisa.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema kamera bei gani. Ni kweli lenzi kubwa za milimita 600 ni bei ya kiwanja huko Chanika, mimi sina. Kuna kamera za lenzi moja isiyotoka zenye kuvuta sana, kama ile Nikon P900 inayovuta mara 83, zilizotumika zinapatikana ukiwa mvumilivu, na kwa ndege aliyetulia kwenye mwanga mzuri zinatosha kabisa. Hata hiyo huna, tafuta darubini ya mkononi, weka kamera ya simu kwenye tundu moja la kuangalizia, shikilia kwa vidole viwili, picha inatoka na duara jeusi pembeni lakini ndege anatambulika. Muhimu ni spidi ya kamera kunasa picha, ndege mdogo hatulii hata akiwa ametulia, kichwa kinacheza muda wote, usiende chini ya 1/1000 ya sekunde na kama anaruka panda 1/2000, mwanga ukipungua bora uongeze ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, picha iwe na chengachenga kuliko kupata ukungu wenye mdomo. Fokasi iwe kwenye jicho. Na ukiwa ndani ya basi lililosimama usiegemeze lenzi kwenye kioo, injini inatetemesha kila kitu, fungua dirisha, weka kiwiko kwenye mwili wako. Ukishapata picha, programu ya bure ya Merlin ya chuo kikuu cha Cornell kule Marekani ukiipa picha, mahali na tarehe inakupa majina yanayowezekana, siyo kila mara inapatia lakini inakuondoa kwenye shomoro.

Usipande basi la usiku, hilo sihitaji kulieleza. Na treni ya umeme naipenda, tangu 2024 unafika Dodoma umenyooka shati, ila spidi ya 160 na madirisha hayafunguki, kule ni kuangalia tu na kuhesabu yangeyange. Kamera unaitoa ukishashuka, na Dodoma kuna sababu ya kuitoa, maana kwenye mibuyu ya huko na kuendelea upande wa Iringa kuna vikasuku vya kijani vyenye kichwa cheusi na kola ya njano, vinalala na kutaga kwenye matundu ya mibuyu. Duniani kote watu wanavifuga kwenye vizimba, ukienda Ulaya unavikuta dukani, lakini kwao kwa asili ni hapa kwetu. Sijui ni wangapi wa Dodoma wanaolijua hilo, nimeuliza madereva wa bodaboda wakaniambia hao ni kelele za kila siku tu mzee.

Morogoro ndiyo usiseme. Milima ya Uluguru unayoiona ukiwa umekaa stendi ya Msamvu unakunywa soda ina chozi wake ambaye hayupo mahali pengine popote duniani, anaitwa chozi wa Loveridge, na ina kipwe wake pia wa peke yake, huyo anakaa juu sana kwenye vilele vya miti ya msituni kiasi kwamba shingo inakuuma kabla hujamuona. Kumpata huyo chozi unatakiwa upande kweli kweli, siyo habari ya dakika za kuchimba dawa, lakini nauli ya Morogoro unaijua na miguu ni yako. Ukiteremka mpaka Ifakara, kwenye matete ya mto Kilombero karibu na kule kivuko cha zamani kilipokuwa, kuna mnana ambaye sayansi haikumjua mpaka miaka ya 1980, akapewa jina rasmi mwaka 1990. Fikiria hapo. Watu walikuwa wanavuka na pantoni juu yake miaka yote, na baiskeli na mbuzi na magunia ya mpunga, mnana anajenga matetani anatazamwa na kila mtu, na hakuna aliyejua kwamba dunia nzima anapatikana bonde hilo tu. Wageni wenye darubini wakija Ifakara leo wanakuja kwa ajili yake. Mimi nilikwenda Ifakara kwa ajili ya dawa ya kupe.

Nisije nikaonekana nawatuma watu mikoani tu wakati mji wenyewe wa Dar umejaa. Kuanzia Agosti mpaka kama Aprili nenda daraja la Selander pale mto Msimbazi unapoingia baharini, au ufukwe wa Coco, au mabwawa ya chumvi ya Kunduchi yaliyobaki, utakuta vitwitwi wametoka kuzaliana kaskazini kabisa mwa dunia, Siberia na kwingine kwenye barafu, wanakuja kula funza wa tope letu. Yupo mmoja mdogo kabisa hafiki gramu 40, safari hiyo anakuja na kurudi kila mwaka bila hata kusimama Msamvu. Siri ya pale Selander ni maji. Maji yakiwa yametoka kabisa ndege wako mbali huko, utapata nukta nukta. Nenda maji yanapoanza kujaa, bahari yenyewe inawasukuma waje kwako hatua kwa hatua mpaka wanafika ukingoni ulipokaa, wewe usisogee, keti chini ukiweza maana mtu aliyesimama wanamuogopa zaidi. Kunduchi wahi asubuhi, ikifika saa tatu nne joto la juu ya chumvi linachezesha hewa na hakuna lenzi itakayokuokoa, picha zote zinatoka zimeyeyuka.

Mjini kati kuna ile bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani 1893 jirani na makumbusho ya taifa, watu wanapita kwenda Ocean Road hata hawageuki, mle kuna chozi na shore na vigong'ota mchana kweupe. Chuo Kikuu Mlimani pia. Na masika kwenye majaruba na nyasi ndefu za pembeni ya mji anatokea ndege mwekundu wa moto mwenye tumbo jeusi, anajivimbisha juu ya jani la mpunga utadhani mpira wa pamba umeshika moto, masika ikiisha anavua anarudi kuwa wa kahawia mwenye michirizi na mkeo akikuuliza yule mwekundu yuko wapi huna jibu la kumuonyesha.

Kinachotuharibia mjini ni kunguru. Huyu wa shingo ya kijivu siyo wa kwetu, aliletwa Zanzibar kutoka Asia mwishoni mwa karne ya 19, akavuka, na sasa Dar ni yake, anakula mayai na makinda ya ndege wadogo kiota baada ya kiota, wameshawekewa sumu kwa kampeni mara kadhaa wakapungua wakaongezeka tena kwa sababu takataka zetu hazipungui. Jalala likikaa wazi umemlisha kunguru, na kunguru akishiba anashushia na kinda la chozi. Hilo siyo la kusubiri kampeni, ni la mtaa kufunika takataka zake.

Sasa Mhariri nifike kwenye hasa kilichonifanya niandike, maana barua inakuwa ndefu. Kizuizi kikubwa cha huu utalii wa abiria siyo hela. Ni walinzi. Katika stendi moja ya mkoa, siitaji, nilikuwa nimekaa kwenye benchi namlenga mnana juu ya mti, basi langu linapakia, akaja mlinzi na rungu, mzee kibali cha hiyo kamera kiko wapi. Nikamwambia napiga ndege kaka, nikamuonyesha. Akaniuliza huyu ndege ana nini mpaka apigwe picha. Kwa kweli swali zuri, ila hakuwa anataka jibu, nikapelekwa ofisini, bosi wake akasema futa, nikaambiwa futa zote, na nikafuta zote pamoja na picha za jicho la ng'ombe mgonjwa nilizotumwa na mteja nizipeleke kwa daktari wa mifugo. Basi likaniacha na mzigo wangu wa dawa uko ndani. Na haikuwa mara ya kwanza wala mimi siyo wa kwanza, ukikutana na Mtanzania yeyote mwenye lenzi ndefu atakupa ya kwake. Mzungu akiwa na lenzi hiyo hiyo mahali hapo hapo anaulizwa anatoka nchi gani na anaonyeshwa choo kilipo.

Naelewa kuna maeneo hutakiwi kuinua kamera, kambi za jeshi, vituo vya polisi, Ikulu, bandari, mitambo, na mimi huko hata ndege awe wa dhahabu nageuza lenzi chini. Walinzi wanafanya kazi yao na wengine wamewahi kupata matatizo kwa sababu ya picha. Lakini stendi ya basi ambayo kila abiria ana simu yenye kamera tatu na anapiga selfi na kuweka mtandaoni kabla hajakaa kwenye siti, kinachokatazwa ni kipi hasa? Ukubwa wa lenzi? Ninachoomba kwa halmashauri zinazosimamia stendi ni kitu chepesi, bandikeni ubao mlangoni unaosema wazi nini hakipigwi picha hapa na nani anaulizwa, mlinzi asome na sisi tusome, yaishe. Na sisi wenye kamera tuache ujuaji, ukifika mahali jitambulishe kwanza, salamu haigharimu, mimi siku hizi naanza na mlinzi kabla sijafungua zipu ya begi, namwambia shikamoo mzee kama ni mtu mzima, namuonyesha picha za nyuma, na mara nyingi anakuwa yeye ndiye anayenionyesha kiota kilipo.

Hapo kwenye kiota nina ugomvi na wapiga picha wenzangu vijana. Kukata majani ili kiota kionekane vizuri acheni. Umeshapata picha yako umeondoka, kivuli hakipo tena, jua linaoka makinda na kunguru amekuona ulichokuwa unaangalia, ana akili kuliko unavyodhani. Na huu mtindo wa kucheza mlio wa ndege kwenye spika ya simu ili dume atoke, mnamchosha, yeye anajua amevamiwa na dume mwingine, anaacha kulisha watoto anakuja kupigana na simu. Ukicheza mara moja akaja umeona, zima. Kuna jamaa nilimkuta Pugu amerudia mlio mpaka betri ikaisha, halafu anasema anapenda mazingira.

La mwisho ni kwa wenye hoteli za njiani, najua wanasoma gazeti hili kwa sababu ndilo linalofungia maandazi. Msimalize vichaka vya nyuma ya hoteli. Naona mtindo umeingia, mtu akipata hela anang'oa miti yote anamwaga zege uwanja mzima, anapanda michikichi miwili ya plastiki, abiria wanakula kwenye jua wanavuja jasho. Acha uzio wa hibiskasi, acha mti mmoja wa minana ukiwepo, weka beseni la maji kivulini, badilisha maji kila asubuhi mbu wasizaliane. Gharama yake ni ndogo kuliko ile televisheni isiyosikika. Abiria wenye watoto watakaa hapo, watoto wakikaa wanataka soda, hiyo hesabu hata mimi wa dawa za kupe naiona.

Nimeambatanisha picha moja ya mnana dume akiwa na ukanda wa jani mdomoni, imepigwa nyuma ya hoteli Chalinze kati ya ugali na honi. Kama nafasi ipo naomba mumweke kwenye ukurasa wa rangi hata akiwa mdogo, maana mkimchapa nyeusi na nyeupe watu watasema ni shomoro.

Ni mimi msomaji wenu,
Abiria wa Siti ya Dirishani,
Tabata, Dar es Salaam